Ni Kura za Nani Zilizomwondoa Rais Lungu?

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Agosti, 2021, katika jumba la mikutano la Mulungushi mjini Lusaka, Jaji Esau Chulu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zambia, alimtangaza Hakainde Hichilema wa chama cha UPND kuwa rais mteule. Na hesabu ya majimbo yote 156 ilipokamilika, ikadhihirika kwamba mshindi alipata kura 2,852,348, sawa na asilimia 59, ilhali Rais Edgar Lungu wa chama cha Patriotic Front, aliyekuwa akikitetea kiti alichokikalia tangu Januari 2015, alipata kura 1,870,780, sawa na asilimia 38.7. Wengi walitazamia mchuano wa kukaribiana, na pengine duru ya pili. Wakaona pengo la kura 981,568, katika nchi ambayo watu hao hao wawili, miaka 5 kabla, walitenganishwa na kura laki moja tu.

Kushindwa kwa rais aliye madarakani, mwenye amri juu ya polisi, redio ya dola na hazina, ni tukio adimu, na kila linapotokea huzuka maelezo mepesi ambayo hupita midomoni mwa watu mpaka yakageuka kuwa yakini. Husemwa kwamba ni vijana. Husemwa kwamba ni njaa. Husemwa kwamba ni kabila. Kila kauli katika hizo ina sehemu yake ya kweli, walakini hakuna hata moja inayoweza kusimama peke yake mbele ya hesabu, na mimi naamini kwa dhati kwamba raia anayetaka kuitunza haki yake ya kuchagua hana budi kujifunza kuisoma hesabu hiyo mwenyewe, asingoje kusomewa na wapambe wa vyama, ambao kila mmoja ana faida yake katika jibu analolitoa.

Tuanze na namba mbili ambazo, kwa maoni yangu, ndizo ufunguo wa mambo yote. Katika uchaguzi wa Agosti 11, 2016, Lungu alipata kura 1,860,877, akamshinda Hichilema aliyepata 1,760,347. Katika ule wa 2021, Lungu alipata 1,870,780. Msomaji aziweke namba hizi za Lungu pamoja, ya mwaka aliposhinda na ya mwaka aliposhindwa, azitazame kwa utulivu: kura zake hazikupungua, bali ziliongezeka kwa 9,903. Rais aliyeanguka kwa kishindo alikuwa na jumla ile ile ya kura aliyoshinda nayo. Kilichobadilika kilikuwa upande wa mwenziwe, ambaye aliongeza kura 1,092,001. Na maadamu jumla ya Lungu haikupungua, nyongeza hiyo kubwa haikutokana, kwa hesabu ya nchi nzima, na watu waliohama kutoka kwake, bali ilitokana na watu ambao mwaka 2016 hawakupiga kura kabisa, ama kwa kuwa umri wao ulikuwa bado, ama kwa kuwa walikata tamaa wakabaki majumbani mwao.

Daftari la wapiga kura linatoa ushahidi ule ule kwa njia nyingine. Mwaka 2016 walioandikishwa walikuwa 6,698,372, na waliojitokeza hawakufika asilimia 57. Mwaka 2021 daftari jipya, lililoandikwa upya tangu jina la kwanza hadi la mwisho, lilikuwa na majina 7,023,499, na waliojitokeza walipita asilimia 70. Majina yaliongezeka kwa 325,000 hivi, lakini kura halali ziliongezeka kwa zaidi ya milioni 1.1. Tofauti baina ya nyongeza hizo mbili ndiyo mahali pa kumtafuta aliyemwondoa Rais Lungu.

Hapa yafaa nitoe tahadhari ambayo wanaohesabu kura hadharani aghalabu huiruka. Kura ni siri, na siri hiyo ni amana ya mpiga kura. Sisi tunajua kituo gani kilitoa kura ngapi, lakini hatujui ni mkono wa nani ulioitia alama karatasi ipi. Jumla iliyosimama pale pale yaweza kuficha watu wengi waliohama na watu wengine wengi waliohamia, na katika Zambia ndivyo ilivyokuwa, kwa maana Lungu aliipoteza Lusaka na akaipoteza Copperbelt, mikoa miwili mikubwa ya mijini ambayo mwaka 2016 ilikuwa yake, ilhali katika mikoa ya kaskazini na mashariki alisalia na nguvu. UPND walikuwa wamelalamika kabla ya uchaguzi kwamba daftari jipya liliandikisha watu wengi zaidi katika ngome za chama tawala kuliko katika ngome zao. Na huenda ni kura za huko zilizoyafidia mapungufu ya mijini, zikaifanya jumla ya rais ionekane kama kwamba haikutikiswa. Basi anayesoma namba za taifa bila kuzishusha mpaka mikoani hujidanganya, na anayesoma za mikoani bila kuzipandisha mpaka za taifa hujidanganya vile vile.

Tukishuka mikoani, twaona kwanza makundi mawili ambayo kelele zao ni kubwa lakini hukumu haikuwa yao. Kundi la kwanza ni wale waliokuwa dhidi ya Lungu siku zote: mikoa ya Kusini, Magharibi na Kaskazini-Magharibi. UPND kiliasisiwa mwaka 1998 na Anderson Mazoka, na Hichilema, Mtonga wa Mkoa wa Kusini, alikishika mwaka 2006 baada ya Mazoka kufariki; tangu hapo chama hicho kimekuwa na maskani yake huko. Mwezi Aprili 2017, baada ya msafara wake kukutana na msafara wa rais katika barabara ya kwendea Mongu, wakati wa sherehe za Kuomboka za Walozi, Hichilema alikamatwa akashitakiwa kwa uhaini, akakaa kizuizini miezi 4, mashitaka yakafutwa mwezi Agosti. Dhuluma ile, kama walivyoiona wafuasi wake, iliwakaza nyoyo zaidi. Lakini nyoyo hizo zilikuwa zimekazwa tangu 2015, na mara mbili mfululizo, pamoja na kukazana kwao, mtu wao alishindwa. Kundi lililokuwa limekwisha kutoa kura zake karibu zote kwa upande mmoja haliwezi kuwa ndilo lililobadilisha matokeo. Liliweka msingi, na kwa idadi kubwa ya waliojitokeza likauimarisha msingi huo, lakini paa halikulifikia peke yake.

Kundi la pili ni waaminifu wa Patriotic Front katika mikoa ya Kaskazini, Luapula na Muchinga, ambako lugha ya Kibemba inatawala, na Mkoa wa Mashariki, ambako ndiko asili ya jamaa zake Lungu. Mikoa hiyo 4 alibaki nayo. Muchinga ni huo unaopakana nasi kwa Tunduma na Nakonde, na Mtanzania aliyevuka mpaka siku zile akazungumza na madereva wa malori angeweza kurudi akiapa kwamba rais hang'oki. Naye angekuwa amesema kweli ya pale alipofika, si kweli ya nchi nzima.

Laiti sheria ya kale ingalikuwa bado inafanya kazi, mikoa 4 pamoja na sehemu ya miji ingaliweza kumtosha mtu. Michael Sata alishinda mwaka 2011 kwa asilimia 42 tu, na Lungu mwenyewe, katika uchaguzi mdogo wa Januari 2015 uliofuatia kifo cha Sata, alishinda kwa asilimia 48, akimpita Hichilema kwa kura 27,757. Lakini katiba iliyorekebishwa Januari 2016 ilidai zaidi ya nusu ya kura, na katika uchaguzi wa mwaka ule Lungu aliivuka nusu kwa kura zipatazo 13,000. Rais anayetawala kwa akiba ya kura 13,000 hana nafasi ya kuwadharau watu wa mtaa hata mmoja, seuze wa mji mzima.

Na sasa twaja kwenye kiini cha jambo, nacho ni miji ya Copperbelt pamoja na Lusaka. Kitwe, Ndola, Mufulira, Chingola, Luanshya: majina haya ndiyo yaliyoandika historia ya siasa za Zambia. Zambia imewaangusha marais walio madarakani mara 3, na mara zote 3 Copperbelt ilisimama na mshindi. Mwezi Oktoba 1991 Kenneth Kaunda, baba wa taifa, aliyetawala miaka 27, alishindwa na Frederick Chiluba, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kwa kura zipatazo robo tatu ya zote. Na njia ya kushindwa huko ilifunguliwa na ghasia za unga, za Copperbelt mwaka 1986 na za Lusaka mwaka 1990, bei ya unga wa mahindi ilipopandishwa zaidi ya maradufu. Mwaka 2011 Rupiah Banda alishindwa na Sata, na Copperbelt na Lusaka zilikuwa ndizo nguzo za Sata. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Lungu. Mtu akiniuliza nimtajie sehemu moja ya kuitazama kabla ya kutazama nyingine yoyote, nitamjibu bila tashwishi kuwa ni hiyo.

Sababu yake si fumbo. Mtu wa mjini katika nchi ile hana shamba la kumsitiri. Anakula nshima ya unga alioununua, anapanda basi kwa nauli, analipa kodi ya chumba, na mshahara wake, kama anao, unategemea shaba ambayo bei yake hupangwa mbali naye. Yeye huuona utawala kila siku katika bei, naye hausamehe kwa sababu ya ujamaa wa lugha, kwa kuwa mtaani kwake Mbemba, Mlozi, Mnyanja na Mtonga wanachota maji katika bomba moja. Patriotic Front chenyewe kilizaliwa kwa ajili ya mtu huyo. Sata alikianzisha mwaka 2001, akakijenga katika masoko na vitongoji vya maskini, akiahidi kodi ndogo na fedha mfukoni. Na ndiyo maana kushindwa kwa 2021 mijini ni jambo zito kuliko kushindwa kwa kawaida, kwa sababu chama kilikataliwa na wale wale kiliodai kuwasemea.

Kilikataliwa kwa nini? Mwezi Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwa wenye hati zake za mkopo, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuingia katika hali hiyo wakati wa janga la korona. Mwezi Julai 2021, majuma machache kabla ya kura, mfumuko wa bei ulipita asilimia 24. Dola moja, iliyokuwa ikipatikana kwa kwacha 10 hivi wakati wa uchaguzi wa 2016, ilihitaji zaidi ya kwacha 22. Fedha zile zilizokopwa zilionekana kwa macho: barabara zilipanuliwa, daraja la Kazungula la kuunganisha Zambia na Botswana lilifunguliwa Mei 2021, jengo jipya la kiwanja cha ndege cha Lusaka likazinduliwa siku za mwisho mwisho za kampeni. Mimi si miongoni mwa wanaodharau barabara, maana kila aliyepata kumpeleka mgonjwa hospitali kwa njia mbovu anaijua thamani yake. Lakini mkaazi wa kitongoji aliyeuona mfuko wa unga ukipanda bei mwezi baada ya mwezi aliipita barabara ile kwa miguu, akaenda kupiga kura.

Kulikuwa na jeraha jingine, nalo halimo katika hesabu za benki kuu. Masoko na vituo vya mabasi vya Lusaka, na miji mingine, vilikuwa mikononi mwa makada wa chama tawala, vijana waliojipa mamlaka ya kutoza ushuru usioandikwa katika sheria yoyote, na kumpiga anayekataa. Mama muuza nyanya alilipa ushuru wa baraza la mji kisha akawalipa makada. Dereva wa basi vivyo hivyo. Abiria aliyevaa nguo nyekundu, rangi ya UPND, aliweza kuvuliwa hadharani. Unyonge wa namna hiyo huingia ndani ya mtu kuliko kupanda kwa bei, kwa sababu bei ina visingizio vingi, lakini kofi lina mwenyewe.

Watu hao hawakuandamana. Walivaa fulana za kijani, rangi ya chama tawala, wakacheza ngoma za chama tawala, wakapokea vitenge na unga wa chama tawala. Na humo mijini likaenea jina la tikiti maji, kwa mtu aliye kijani nje na mwekundu ndani. Hila hiyo haikuwa ngeni kwa mafundi wa Patriotic Front, kwa kuwa wao ndio walioifundisha nchi mwaka 2011, walipokuwa upinzani na wakawahimiza watu kwa kauli ya "Don't kubeba", yaani wapokee zawadi za watawala wala wasimwambie mtu kura yao inakwenda wapi. Miaka 10 baadaye somo liliwarudia. Ndiyo sababu umati wa mikutanoni, picha za magari yaliyojaa watu, na hata majibu ambayo raia mwenye hofu humpa mtu asiyemjua anayemhoji mlangoni, vyote hivyo ni ushahidi dhaifu kabisa katika nchi ambayo kusema ukweli kuna gharama.

Kuhusu vijana, ambao ndio jibu linalopendwa zaidi, nasema kwamba ni kweli, lakini kweli yenye mipaka. Zaidi ya nusu ya walioandikwa katika daftari la 2021 walikuwa hawajatimiza miaka 36. Wengi wao walizaliwa baada ya Kaunda kuondoka, na hawana deni la shukrani kwa chama chochote. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma waliondolewa posho ya chakula mwaka 2019, na UPND wakaahidi kuirudisha. Serikali haikukaa kimya mbele ya rika hilo: kule Kitwe vijana wachimbaji, wanaojulikana kwa jina la majerabo, waligawiwa sehemu ya kumi ya lile rundo kubwa la mabaki ya shaba liitwalo Black Mountain, ili nao wapate riziki. Lakini ukiwagawia vijana wachache mlima, na wengi wakabaki wakiutazama, umewaongezea hao wengi sababu ya kuuliza wao wamegawiwa nini. Siku ya kura mtandao wa WhatsApp na mingine ikazuiwa, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru ifunguliwe. Na kwa kijana ambaye mtandao ndio barza lake, kitendo hicho kilimwambia kwamba wakubwa wanamwogopa.

Pamoja na hayo, ujana peke yake haukuwa chama. Kijana wa Chinsali, mkoani Muchinga, hakupiga kura kama kijana wa Chingola, na kijana wa Monze, katika Mkoa wa Kusini, angempigia Hichilema hata angekuwa mzee. Umri ulifanya kazi pale ulipokutana na mji na ukosefu wa ajira. Mtu anayesema "vijana waliamua" bila kutaja ni wa wapi na wanaishi vipi amesema nusu ya neno.

Kwa hiyo nirudi kwenye kauli yangu ya mwanzo niikamilishe. Kundi lililomwondoa Rais Lungu halina jina la kabila, wala la rika, wala la dini. Ni kundi la wasiokwenda: watu waliokuwa na haki ya kupiga kura na wasiitumie, au walioipata haki hiyo wakati ule ule. Mwezi Januari 2015 waliojitokeza walikuwa asilimia 32 tu ya walioandikishwa, kukiwa na mvua za masika ya Zambia na uchovu wa uchaguzi wa ghafula, na hao wachache wakampa Lungu urais. Mwaka 2016 wakafika 56. Mwaka 2021 wakapita 70. Na watu walipozidi kujitokeza baina ya 2016 na 2021, msimamo wa Lungu ulidhoofika, kwa sababu wake walikuwa wamekwisha kuja mwaka 2016, na walioongezeka, kwa hesabu ya jumla, hawakuwa wake. Rais aliye madarakani huwafahamu waliomchagua na huwafahamu wanaomchukia, naye huwatengea kila kundi fungu lake, hawa zawadi na hao askari. Lungu aliwatoa wanajeshi mabarabarani tarehe 1 Agosti, baada ya mapigano ya wafuasi wa vyama. Mtu ambaye rais hamfahamu ni yule asiyesema kitu.

Nchi nyingine hutoa sura nyingine za jambo hili, na sitakaa nazo sana. Kule Ghana, Desemba 2016, John Mahama alishindwa na Nana Akufo-Addo kwa mkondo ulio kinyume: waliojitokeza walipungua kutoka karibu asilimia 80 hadi chini ya 70, na kura za Mahama zikashuka kwa zipatazo 860,000 kulinganisha na za 2012, wakati Akufo-Addo aliongeza kiasi cha 470,000 tu. Huko waliomwangusha rais walikuwa kwa sehemu kubwa watu wake mwenyewe, waliokaa nyumbani. Na Marekani, mwaka 2020, Donald Trump aliongeza kura kutoka milioni 63 hadi milioni 74, nyongeza ambayo rais yeyote angeitamani, na bado akashindwa, kwa kuwa Joe Biden alipata milioni 81. Na kwa kuwa nchi hiyo huhesabu kwa majimbo, kura zisizofika 43,000 katika Arizona, Georgia na Wisconsin, kwa kujumlishwa pamoja, zilikuwa na uzito wa kugeuza matokeo. Kaunti ya Maricopa, katika Arizona, yenye mji wa Phoenix na viunga vyake, ilimpa kura nyingi mgombea wa Democrat kwa mara ya kwanza tangu 1948.

Basi rais mmoja alipungukiwa na kura, wa pili alibaki na zile zile, wa tatu aliongeza, na wote watatu wakaondoka. Hilo latosha kuonyesha kwamba swali la nani alimkimbia rais si swali la kwanza la kuuliza. La kwanza ni nani alikuja safari hii ambaye safari iliyopita hakuja, na nani hakuja ambaye alikuwa akija.

Lungu, kwa sifa yake, baada ya kudai tarehe 14 Agosti kwamba uchaguzi katika mikoa 3 haukuwa huru, alikubali matokeo siku yalipotangazwa, na tarehe 24 Agosti akahudhuria kuapishwa kwa mrithi wake katika Uwanja wa Mashujaa, Lusaka. Alifariki Juni 5, 2025. Miongoni mwa waangalizi walioushuhudia uchaguzi ule alikuwamo Rais wetu mstaafu Jakaya Kikwete, aliyeongoza ujumbe wa Jumuiya ya Madola. Kukubali kushindwa ni tendo kubwa, na nalitaja kwa heshima, kwa maana hesabu zote nilizozieleza hapa zisingekuwa na faida yoyote kama mwenye dola angelikataa kuzitii.

Hichilema naye, kwa ratiba ya katiba, anatakiwa kusimama mbele ya wapiga kura tarehe 13 Agosti, 2026, safari hii akiwa yeye ndiye aliye madarakani. Mwaka 2024 nchi yake ilipata ukame uliotangazwa kuwa janga la taifa. Mahindi yakakauka mashambani, maji ya Kariba, bwawa la kuzalishia umeme, yakashuka, na umeme ukakatika kwa saa nyingi za siku katika miji ile ile iliyompa ushindi. Wale milioni moja na ushei aliowaongeza mwaka 2021 hawakuahidi kubaki naye. Walikuja kwa sababu, na sababu ikiondoka nao wana njia mbili, kwenda kwa mwingine au kurudi nyumbani, na njia ya pili ndiyo isiyoonekana na wapambe wake.

Namwomba msomaji, katika uchaguzi huo na katika wowote utakaomhusu yeye mwenyewe, asiyapime mambo kwa umati wa viwanjani wala kwa wingi wa fulana. Aulize kwanza ni wangapi wameandikishwa katika mitaa ya wafanyakazi, ni wangapi kati yao walijitokeza mara iliyopita, na bei ya unga ni kiasi gani siku ile vituo vinapofunguliwa. Na ikiwa jina lake mwenyewe halimo katika daftari, basi alipeleke likaandikwe.